Asilimia Tisini ya Nani? Jinsi ya Kulinganisha Vyuo vya Sheria kwa Kazi Wanazopata Wahitimu

Jumamosi iliyopita niliitwa kuzungumza na wazazi pamoja na vijana waliomaliza kidato cha nne, kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwetu. Mada ilikuwa "Mtoto asomee sheria wapi?" Wachache mliokuwepo mmeniomba niweke maneno yale hapa. Na kwa kuwa kila msimu wa siasa lazima mtu asimame kwenye runinga aseme vyuo fulani "vinatoa mawakili wasioajirika", nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema. Kanuni yetu ya hapa ni ile ile: mwanasiasa hatumtaji, chama hatukitaji. Leo hata chuo nilichosomea sitakitaja, mtaona sababu.

*

Wazazi wangu, vijana, hamjambo.

Nianze kwa kukiri kosa. Mimi ni wakili. Nilipomaliza digrii nilipita Kenya School of Law, kisha nikaingia pyupileji, ile miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Ofisi ilikuwa orofa ya tano na lifti haikuwa inafanya kazi. Shughuli yangu ilikuwa kupeleka makaratasi mahakamani, kuandika hati za viapo, kusimama foleni benki na kuletea wateja chai. Mshahara hakuna. Nilipewa nauli, na kuna wiki hata nauli ilichelewa, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Siku moja simu ikalia. Ni mama mmoja mpole sana kutoka chuo nilichosomea. Akaniuliza, "Saa hii uko na kazi?" Nilikuwa kwenye korido ya mahakama, faili tatu kwapani, suti ya kuazima mwilini. Ningesema nini? Nikajibu, "Ndiyo, niko kwa ofisi ya mawakili." Akasema hongera sana, akakata. Hakuuliza nalipwa pesa ngapi. Hakuuliza kazi yenyewe inaisha lini. Nami sikumwambia. Kijana akiulizwa kama ana kazi hapendi kusema hana.

Miaka ikapita. Juzi juzi mama mboga wetu, yule wa kona ya steji, akanivuta pembeni. Akatoa brosha kwenye mkoba, imekunjwa mara nne, ina madoa ya nyanya. Akaniambia, "Wakili, nisomee hapa. Wanasema asilimia tisini ya waliosoma sheria kwao wameajiriwa. Ni ukweli? Kwa sababu nina kile kiploti alichoniachia baba ya watoto, na mnunuzi ameshakuja kukiona."

Kuangalia nembo, ni chuo changu. Nikajua papo hapo kwamba mimi, na nauli yangu iliyochelewa, ni sehemu ya ile tisini.

Ndiyo maana leo sitawaambia chuo kipi ni bora. Nitawapa maswali manne ya kuuliza kabla hujauza kiploti. Ni maswali yale yale ya kumuuliza mwanasiasa anayekuja kwenye mdahalo na asilimia mfukoni.

Swali la kwanza: asilimia tisini ya wangapi?

Tuchukue mfano. Nasisitiza ni mfano tu, tuhesabu pamoja. Darasa lilikuwa na wahitimu 120. Chuo kiliwapigia wote simu. Waliopatikana na kujibu ni 70. Kati ya hao 70, waliosema wana kazi ni 63. Gawanya 63 kwa 70, unapata asilimia 90. Hapo hakuna aliyedanganya, hesabu ni sahihi kabisa.

Lakini wale 50 ambao hawakushika simu wako wapi? Ebu fikirieni. Aliyepata kazi nzuri Upper Hill anashika simu ya chuo haraka, tena anaomba apewe nafasi ya kuhutubia wanafunzi. Aliyerudi kwao kukaa na mama, anaona namba ya chuo, anaiacha iite mpaka inyamaze. Ukimya wa wahitimu una habari ndani yake. Sasa gawanya 63 kwa 120, darasa zima. Ni asilimia 52 na nusu. Tisini imeshakuwa hamsini na kitu, na hatujauliza swali la pili.

Swali la pili: kazi gani?

Turudi kwa wale 63. Tuseme 20 wako pyupileji kama mimi, kazi ya miezi sita, wengi bila mshahara. Wengine 13 wameajiriwa na chuo chenyewe kwa mkataba mfupi, kusaidia maktaba na kuhesabu vitabu. Wengine 12 wanafanya kazi halali ila haihitaji sheria: duka la M-Pesa, boda boda, kuuza nguo mtandaoni. Wanaobaki ni 18. Hao ndio walio kwenye kazi ya sheria yenye mshahara. Kumi na nane kati ya 120 ni asilimia 15.

Kwa hiyo darasa moja linaweza kuitwa tisini, hamsini na mbili, au kumi na tano, na kila anayesema anaweza kukuonyesha karatasi. Mwanasiasa anayetaka kusifu ataokota ya kwanza. Anayetaka kuponda ataokota ya mwisho. Wote wawili watakuambia "takwimu hazidanganyi".

Nisieleweke vibaya. Boda boda ni kazi, na wengi wetu tumelishwa nayo. Ninachosema ni kwamba ukiuza ardhi ili mtoto awe wakili, una haki ya kujua ni wangapi walikuwa mawakili.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Marekani yaliwapata kwa kishindo baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008. Vyuo vya sheria huko vilikuwa vinatangaza kwamba karibu kila mhitimu ana kazi, na kumbe ndani ya hesabu kulikuwa na wahudumu wa mikahawa na watu walioajiriwa na chuo chenyewe kwa muda mfupi. Mwaka 2011 na 2012 wahitimu wenye madeni makubwa walivishtaki vyuo kadhaa. Kesi nyingi zilitupwa. Kule New York jaji mmoja alisema, kwa maana, kwamba mtu aliyekwisha kupata digrii ya kwanza anatarajiwa kutumia akili yake kupima matangazo. Kesi moja ya California ilifika mbele ya jopo la raia mwaka 2016, na mlalamikaji akashindwa.

Wakashindwa mahakamani, lakini kelele zao zilibadilisha karatasi. Leo ABA, chama cha mawakili cha Marekani ambacho ndicho kinachoidhinisha vyuo hivyo, kinalazimisha kila chuo kutoa jedwali moja kila mwaka. Wahitimu wote wanahesabiwa, hata wale ambao hali yao haijulikani, nao wana mstari wao. Kazi zinatenganishwa: inayohitaji leseni ya uwakili, ambayo digrii ya sheria inasaidia tu, na nyingine. Ya kudumu na ya muda mfupi mbalimbali. Ya kutwa na ya saa chache mbalimbali. Kazi ambayo chuo ndicho kinachoilipia inawekwa peke yake. Na wote wanahesabiwa kwa tarehe moja, takriban miezi kumi baada ya kuhitimu. Mzazi wa kule anaweka jedwali mbili mezani, anaona tofauti.

Sasa mtu atasema, basi na sisi tulete jedwali hilo hilo. Polepole. Hapo ndipo swali la tatu linaingia.

Swali la tatu: mlihesabu lini?

Marekani mwanafunzi anamaliza chuo Mei, anafanya mtihani wa uwakili Julai, na kufikia mwaka unaofuata anaweza kuwa ameshaapishwa. Miezi kumi kwao ina maana. Kwetu je? Digrii ni miaka minne. Ukimaliza, wewe bado si wakili. Unaomba Kenya School of Law, kule Karen, kwa mafunzo ya uwakili. Kuna masomo, kuna mitihani, kuna pyupileji ya miezi sita. Ukipita bila kukwama popote ni takriban mwaka mmoja na nusu. Ukianguka karatasi moja, unarudia. Ndipo unaomba kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lako linaingizwa kwenye orodha ya mawakili.

Kwa hiyo ukimhesabu mhitimu wa Kenya miezi kumi baada ya digrii, unamkuta darasani Karen au nyumbani akingoja kujiunga. Hapo hujapima chochote. Atakayekuletea orodha ya "vyuo bora kwa ajira" iliyohesabiwa mwaka mmoja baada ya mahafali, mwambie akahesabu upya mwaka wa tatu au wa nne.

Na kuna jambo hapa ambalo watu wa midahalo hulirukia. Utasikia, "Vijana waache kulia kazi, wajiajiri!" Watu wanapiga makofi. Lakini Sheria ya Mawakili yenyewe, kifungu cha 32, inasema wakili mpya hawezi kufungua ofisi yake mpaka afanye kazi ya uwakili kwa muda wote, mfululizo, miaka miwili tangu apate cheti chake cha kwanza cha kazi. Yaani kabla ya kujiajiri, lazima mtu akuchukue kwanza. Kwa fundi wa nguo, ushauri wa kujiajiri unaweza kufaa asubuhi ya kesho. Kwa wakili mpya ni kumwambia avunje sheria. Ndiyo maana ajira ya kwanza kwa mtu wa sheria ni daraja. Likikatika, mtu amekwama ng'ambo na digrii yake mkononi. Chuo kinachomsaidia mwanafunzi kuvuka daraja hilo, kwa kumtafutia ofisi ya kumpokea, kinastahili sifa, na sifa hiyo inaweza kuhesabiwa.

Swali la nne: waliingia wakiwa nani?

Hili ndilo gumu kuliko yote. Kusomea sheria chuo kikuu kunataka wastani wa C+ kwenda juu, na B ya Kiingereza au Kiswahili. Kuna vyuo vinavyojaza darasa na watoto wa A na A- kutoka shule za kitaifa. Kuna vingine vinachukua wale wa C+ na B zao, wengi kutoka shule za kutwa, na wengine watu wazima wanaosoma jioni baada ya kazi. Miaka minne baadaye tunawalinganisha na kutangaza kwamba chuo cha kwanza kinafunza vizuri. Kwani tumejuaje?

Wakulima mliopo hapa mnanielewa. Ukinionyesha gunia za viazi kutoka Kinangop na gunia za viazi kutoka shamba kavu la Kitui, huwezi kuniambia nani mkulima hodari mpaka uniambie mvua ilikuwa kiasi gani na udongo ulikuwa upi. Tulishawahi kubishana hivi hivi kuhusu shule za upili. Mwaka 2014 serikali iliondoa ile orodha ya kupanga shule kwa matokeo ya KCPE na KCSE. Moja ya malalamiko ilikuwa hiyo: mnalinganisha shule iliyochagua wanafunzi na shule iliyopokea waliobaki.

Tena kwenye sheria kuna kitu kingine kisichosemwa kwa sauti. Mtoto wa jaji, au mtoto wa mwenye ofisi ya mawakili, anapata mahali pa pyupileji kwa simu moja ya baba. Chuo kikiwa na watoto wengi wa aina hiyo, ajira yake itapendeza hata kama mwalimu alikuwa anakosa darasani nusu ya muhula. Mtoto wa mama mboga hana simu hiyo. Kwake yeye swali la maana ni hili: watoto kama mimi, waliotoka shule kama yangu, na wazazi kama wangu, walifika wapi baada ya kupita hapa?

Chuo kinachomchukua mtoto wa C+ na kumfikisha kwenye orodha ya mawakili kimefanya kazi kubwa kuliko kilichompokea wa A na kumrudisha akiwa wa A. Kwenye orodha ya kawaida, chuo hicho cha kwanza kitaonekana kiko chini.

Kijana mmoja pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: "Kwa hivyo wakili, hizi takwimu ni upuzi tu?" Hapana kijana, asante kwa swali. Si upuzi. Mtu akikuambia hesabu zote ni uongo, huyo anakutaka uchague kwa nembo, kwa majengo, au kwa maneno ya shangazi. Hesabu mbaya dawa yake ni hesabu nzuri.

Na hesabu nzuri haihitaji miujiza. Tuangalie njia nzima, ngazi kwa ngazi. Kati ya walioanza mwaka wa kwanza, wangapi walimaliza? Kati ya waliomaliza, wangapi waliingia Kenya School of Law? Kati yao, wangapi walipita mitihani yote mara ya kwanza? Wangapi waliapishwa? Na miaka mitatu baada ya digrii, wangapi wako kwenye kazi ya sheria, kwa mshahara, kwa mkataba unaozidi mwaka? Na usisahau kuuliza wangapi hawajulikani walipo. Ukiona ngazi ambapo watu wanaanguka wengi, hapo ndipo penye tatizo.

Nasema hivi kwa sababu kwenye midahalo lawama huzunguka kama kiti cha muziki. Chuo kikuu kinafundisha digrii. Kenya School of Law inafunza kazi ya uwakili. Mtihani unasimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, ambalo pia ndilo linalovipa vyuo leseni ya kufundisha sheria. Wanafunzi wakianguka, wa kwanza anamsukumia wa pili, wa pili anamsukumia wa kwanza, na wote wawili wanamtazama wa tatu. Mwanasiasa anachagua mmoja wa kumpiga, kulingana na aliyekaa mbele yake siku hiyo. Jedwali la ngazi lingeonyesha mtoto alikwamia kwa nani.

Kwa hiyo mgombea yeyote akisema "tufunge vyuo dhaifu", muulize: dhaifu kwa ngazi ipi? Akisema "tufungue milango zaidi ya mafunzo ya uwakili ili kila mtu apite", muulize: na wakishapita, nani atawachukua kwa ile miaka miwili ya kifungu cha 32? Akisema "mawakili wamejaa, watoto wasomee ufundi", muulize mwanawe anasomea nini. Hilo la mwisho ni utani. Kidogo.

Na sisi wazazi tuna la kufanya bila kungoja mgombea. Nenda chuoni. Usiulizie bwawa la kuogelea. Uliza: darasa la miaka minne iliyopita lilikuwa la watu wangapi, na naomba kuzungumza na watatu nitakaowachagua mwenyewe, si mtakaonichagulia. LSK ina ukurasa kwenye intaneti ambapo ukiandika jina la mtu unaona kama ni wakili mwenye cheti cha mwaka huu. Mhitimu aliyewekwa kwenye brosha akitabasamu na joho, mtafute hapo. Dakika mbili tu.

Namalizia na mama mboga, maana mnataka kujua. Nilimwambia ukweli wote: simu ile, nauli, lifti. Alinyamaza, akapanga nyanya zake upya, kisha akaniuliza, "Sasa wewe ulipata kazi lini hasa, ya kulipwa?" Nikamwambia, miezi kumi na minne baada ya ile simu. Akasema, "Basi wangeandika hivyo. Ningejipanga."

Kiploti hajakiuza. Binti yake anataka sheria bado, na akili anazo. Tumekubaliana wiki mbili hizi tunatembelea vyuo vitatu, mimi, yeye na mamake, na yale maswali manne kwenye daftari. Nami nimefanya jambo moja nililopaswa kufanya zamani. Nimekiandikia chuo changu barua, nikawaambia jibu langu la siku ile walisahihishe: pyupileji, miezi sita, bila mshahara.

Asanteni kwa kunisikiliza.

*

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Ukumbini maswali yalienda mpaka saa kumi na mbili jioni. Kama ulisomea sheria, tuandikie hapa chini mambo matatu tu: mwaka uliohitimu, mwaka ulioapishwa, na ilichukua miezi mingapi kupata mshahara wa kwanza. Jina la chuo usiandike. Ninyi mliojibu simu kama yangu mkasema "ndiyo", pia semeni, hatutawacheka. Wiki ijayo tutachambua neno lingine linalopendwa sana kwenye majukwaa: "nafasi za kazi milioni moja". Tutauliza, kama kawaida, kazi gani, na za nani.